Mgonjwa wa Faili Namba 147

KITUO CHA POLISI, LUSHOTO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yusta Zakaria Shemhilu
Umri: Miaka 46
Jinsi: Mke
Kabila: Msambaa
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Karani wa masjala ya wagonjwa, Kituo cha Afya Kwemtindi
Makazi: Kwemtindi, Wilaya ya Lushoto
Tarehe: 20 Machi 2025
Muda wa kuanza: Saa 3:40 asubuhi
Anayeandika: WP Koplo Beatha

Mimi niliyetajwa hapo juu nimefika kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa na mtu. Nimeelezwa na Koplo Beatha kwamba nikisema jambo ambalo najua si kweli ninaweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nimekuja kwa sababu ya barua niliyoandika tarehe 12 Machi mwaka huu, ambayo iko katika jalada la kesi ya muuguzi Jenoveva Kaniki.

Nimefanya kazi masjala ya Kwemtindi kwa miaka kumi na minne. Kazi yangu ni kumwandikisha mgonjwa akifika, kumpa namba, kumtafutia faili lake na kulirudisha kabatini akishatibiwa. Mgonjwa akifariki napiga muhuri kwenye jalada la faili, naweka sahihi na tarehe, kisha nalihamishia kabati la nyuma. Bila namba mgonjwa hapati cheti, na bila cheti dirisha la dawa halimpi kitu.

Mwezi Januari mwaka huu tuliletewa kompyuta, nami nikapewa kazi ya kuingiza rejesta ya kliniki ya kisukari na shinikizo la damu, ambayo hufanyika kila Jumatano. Ni wagonjwa mia tatu na kumi na wanane.

Mnamo tarehe 20 Februari 2025, siku ya Alhamisi, majira ya saa 5 asubuhi, nilifika kwenye namba 147 ya mwaka 2019. Mgonjwa ni Mwanaheri Singano, mwanamke, mkazi wa Kwemtindi, anayetumia insulini ya sindano. Rejesta ilionyesha kwamba alihudhuria mara ya mwisho tarehe 12 Februari, yaani siku nane kabla. Alipewa chupa mbili.

Nilisimamisha kazi. Mwanaheri Singano nilimfahamu. Aliniuzia mboga sokoni Lushoto kwa miaka sita, alikuwa mama mnene, mcheshi, akikupimia karoti anaongeza moja na kusema hiyo ni ya njiani. Alifariki mwezi Oktoba 2023 katika wodi yetu. Mimi na akina mama wa sokoni tulikwenda msibani kwa mume wake, Mzee Hamza. Tulikaa na wanawake nje chini ya turubai kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Nilijua Mzee Hamza ana mke mwingine, lakini siku hiyo sikumwona, walisema yuko ndani hajiwezi.

Nikarudi nyuma katika rejesta ukurasa kwa ukurasa. Tangu Novemba 2023 hadi Februari 2025 marehemu amehudhuria kila mwezi, Jumatano ya pili, bila kukosa. Miezi kumi na sita, chupa thelathini na mbili. Mwandiko wote ni wa Sista Jenoveva. Faili lenyewe halikuwa na muhuri, na kila mwezi nimekuwa nikilitoa kwa namba tu bila kusoma jina.

Mtu wa kwanza kumshuku hakuwa Sista Jenoveva. Alikuwa Alen, mtoa dawa wetu, kwa sababu ufunguo wa friji ya insulini anao yeye. Mchana ule nilikwenda dirishani kwake nikamuuliza kama anamkumbuka mgonjwa wa namba 147.

Akasema, "Mimi sikumbuki watu. Cheti kikija na namba, natoa dawa."

"Hata namba ikiwa ya mtu aliyekufa?"

Aliniangalia, kisha akafunga dirisha. Ilikuwa saa 6:20, na dirisha lile hufungwa saa 7. Jambo hilo niliandika pembeni mwa daftari langu.

Siku ya pili yake niligundua jambo lililonichanganya. Kila mgonjwa wa kliniki hupimwa uzito. Mwanaheri alikuwa na kilo 71 Agosti 2023 na kilo 70 Septemba. Kuanzia Novemba, baada ya kifo chake, ana kilo 52. Mwezi uliofuata 53, halafu 52, halafu 51. Nikawaza kwamba mtu anayebuni mgonjwa angeendelea na 70, au angeandika 69 ili isionekane. Asingeandika 52. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mwenye mwili na miguu anayekuja kupanda kwenye mizani yetu kila mwezi kwa jina la marehemu, na Sista Jenoveva anamuona na kuandika.

Nikaacha kumshuku Alen peke yake. Nikawashuku wote wawili, na huyo wa tatu nisiyemjua. Niliamini insulini inachukuliwa na kupelekwa kwenye duka la dawa, pengine Mombo au Korogwe. Sikuwa na ushahidi wa hilo. Nilianza kuangalia nani anazungumza na nani. Nikipita chumba cha kliniki na mlango umerudishiwa, nilisimama. Sista Jenoveva nimesali naye jumuiya moja ya mtaani ingawa yeye ni Mkatoliki, maana tunaalikana, na alimzalisha mdogo wangu. Wiki zile tatu nilimuitikia salamu bila kumtazama usoni. Sikumwambia mtu yeyote nilichokuwa nacho.

Mnamo tarehe 12 Machi 2025, Jumatano, nilifika kazini saa 1:30 asubuhi. Kulikuwa na ukungu na wagonjwa walikuwa wamejikunyata kwenye mabenchi na masweta yao. Saa 4:15 kadi namba 147 ilipitishwa dirishani kwangu. Aliyeileta alikuwa mwanamke mwembamba, amejitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, amevaa viatu vya kufunika vidole. Ni mkubwa kwangu, lakini sikumwamkia.

Nikamuuliza, "Wewe ndiye Mwanaheri Singano?"

"Ndiye."

"Ulizaliwa mwaka gani?"

Akautaja mwaka ulioandikwa kwenye kadi, haraka, kama mtu aliyefundishwa. Watu wa rika lake kwetu ukiwauliza mwaka wa kuzaliwa hufikiri kwanza, wengine hukuambia mwaka wa njaa fulani. Nikaona nimempata.

Nikasema, "Mwanaheri ninayemjua mimi nilikwenda kwenye msiba wake."

Watu wa kwenye benchi la kwanza waligeuka kututazama. Yule mama hakubisha wala hakulia. Alinyoosha mkono akasema, "Basi nirudishie kadi, niende."

"Kadi ya marehemu hairudi."

"Na dawa?"

Nikamjibu, "Dawa ya nani?"

Naomba maneno hayo yaandikwe kama nilivyoyasema.

Alisimama kidogo pale dirishani, akaugeukia mlango wa kliniki ambako Sista Jenoveva alikuwa anapima watu, kisha akaondoka. Niliona anatembea akiukanyagia upande mguu wa kushoto. Nilidhani anajifanya.

Siku hiyohiyo saa 8 mchana niliandika barua kwa Mganga Mfawidhi, Daktari Sefania. Nilieleza kuhusu chupa thelathini na mbili, mwandiko wa Sista Jenoveva, na mtu anayetumia kadi ya marehemu. Niliambatanisha kadi yenyewe. Daktari Sefania aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza mara mbili kama faili la 147 ndilo pekee nililoligusa. Nikasema ndiyo. Akasema nimefanya kazi nzuri, atalipeleka jambo hilo mbele.

Tarehe 13 Machi, saa 3 asubuhi, Sista Jenoveva alikuja masjala akafunga mlango nyuma yake. Hakuuliza habari ya barua. Alisema, "Yusta, yule mama wa jana. Alikwambia kama nyumbani amebakiwa na chupa?"

Niliona ananipima nimejua kiasi gani.

Akasema tena, "Mrudishie kadi kwanza, hata leo, mimi nitaipeleka. Mengine tutazungumza baadaye."

Nikamwambia kadi iko kwa Mganga Mfawidhi. Alishika ukingo wa meza yangu. Halafu akatoka mbio kuelekea ofisi ya Mganga Mfawidhi, nikasikia sauti zao lakini si maneno. Kwa akili yangu ya siku ile, nilisema moyoni kwamba mwizi ameshtuka.

Jumapili tarehe 16 Machi sikuwepo kazini. Nilikuja kujua baadaye kwamba mchana wa siku hiyo mwanamume aitwaye Yusufu Hamza alimleta mama yake kwa pikipiki akiwa amefungwa kwa kanga mgongoni mwake ili asidondoke, hajitambui, anapumua kwa nguvu. Tabibu wa zamu alimpima sukari, kipimo hakikusoma namba, kiliandika tu kwamba iko juu. Akamtundikia maji, akampa rufaa kuja hospitali hapa mjini. Kwenye fomu ya rufaa mahali pa namba ya mgonjwa pameachwa wazi, kwa sababu Yusufu alitaja jina la mama yake na tabibu alipotafuta kwenye orodha aliona ni mtu aliyefariki mwaka 2023.

Jumatatu tarehe 17 Machi, saa 4 asubuhi, askari wawili walifika kituo cha afya wakamchukua Sista Jenoveva. Alikuwa bado na aproni. Alipopita dirishani kwangu alisimama, na askari mmoja akamwacha asimame. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi.

Alisema, "Fungua kabati la nyuma. Tafuta 148."

Nilikaa kama nusu saa bila kuinuka. Niliwaza kwamba ni mtego, anataka nishike kitu ili alama zangu za vidole ziwepo. Halafu nikachukua ufunguo.

Faili namba 148 ya mwaka 2019 ni la Tatu Guga, mwanamke, umri sasa miaka 56, mkazi wa Kwemtindi, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini. Jina la mume: Hamza. Ni mke mwenza wa Mwanaheri. Walikuja kuandikishwa siku moja, wakapewa namba zinazofuatana. Uzito wa mwisho wa Tatu, tarehe 11 Oktoba 2023, ni kilo 53. Chini imeandikwa kwamba amekatwa kidole kidogo cha mguu wa kushoto kwa sababu ya kidonda.

Juu ya jalada kuna muhuri wa AMEFARIKI, tarehe 31 Oktoba 2023. Sahihi iliyo chini ya muhuri ni yangu.

Siku ile ya mwisho wa mwezi nilikuwa na mafaili kumi na moja ya kufunga. Nilikuwa nimeandikiwa nifunge 147, nikavuta la jirani yake. Sikusoma jina. Muhuri ulipigwa kwa Tatu, na Mwanaheri aliyelala kaburini akabaki hai kwenye rejesta.

Ndani ya mfuko wa jalada nilikuta nakala ya barua iliyokunjwa mara nne. Ni barua ya Sista Jenoveva kwa Mganga Mfawidhi ya tarehe 20 Novemba 2023. Anaeleza kwamba mgonjwa Tatu Guga yuko hai, faili lake limefungwa kwa makosa, anaomba lifunguliwe, na kwamba kwa sasa anampa dawa kwa namba ya marehemu ili asikose sindano. Pembeni kuna maneno ya mkono wa Daktari Sefania: "Isubiri mfumo mpya." Na sahihi yake.

Kwa hiyo alijua. Aliponiuliza kama 147 ndilo pekee nililoligusa, alikuwa anajua yupo 148.

Tarehe 18 Machi, saa 2 asubuhi, nilikwenda ofisini kwake nikamwambia nimeliona faili. Alinyanyuka akafunga dirisha. Akasema, "Faili likishafungwa limefungwa. Ukilifungua hilo, Yusta, wa kwanza kuanguka ni wewe. Sahihi ni ya nani?"

Nikasema ni yangu.

"Basi lilete hapa, na rejesta pia. Nitazihifadhi."

Nikasema sawa, nakwenda kuzichukua. Nilikwenda masjala, nikaweka mafaili yote mawili na rejesta kwenye mfuko wa unga, nikajitanda kanga juu yake, nikatokea mlango wa jikoni. Nilipita njia ya kwenye mashamba ya kabichi badala ya barabara, nikalala kwa dada yangu. Sikuwa nimewahi kutoa rejesta nje ya kituo maisha yangu yote. Kila pikipiki iliyopita nilidhani imetumwa.

Jana tarehe 19 Machi nilipanda basi la asubuhi kuja Lushoto mjini. Saa 5 nilikuwa hospitali, wodi ya wanawake. Tatu Guga alikuwa kitanda cha karibu na dirisha, ametundikiwa maji, amezinduka tangu juzi jioni. Bila ule mtandio niliuona uso wake kwa mara ya kwanza. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia mimi ni karani wa Kwemtindi.

Akasema, "Nakujua."

Nikamwambia kwamba nimelikuta faili lake na nimeona nani alipiga muhuri. Nikamuuliza kwa nini hakuja kwangu mapema, mwaka ule ule wa 2023, akaniambia yuko hai.

Alinijibu kwa Kishambaa, na hapa naeleza kwa Kiswahili kama nilivyomwelewa. Alisema, "Nilikuja. Nilikuja kwako mara tatu. Mara ya kwanza uliangalia orodha yako ukasema faili hili limefungwa, nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua. Mtendaji akasema yeye huandika barua za waliokufa, hajawahi kuandika ya aliye hai, nirudi kwako. Nikarudi, ukasema bila barua huwezi. Mara ya tatu hukuinua kichwa. Sista Jenoveva alinikuta nimekaa kwenye ngazi natapika."

Nimejaribu kulikumbuka hilo. Nimejaribu njia nzima, na usiku kucha, na hata sasa nikiwa hapa. Siwezi kumkumbuka. Simkumbuki amesimama dirishani hata mara moja kati ya hizo tatu.

Nilimuuliza kuhusu zile siku nne, kuanzia alipotoka kwangu hadi Jumapili. Alisema chupa ilikuwa imekwisha asubuhi ile ile ya kliniki. Sista Jenoveva alimpelekea moja siku ya Alhamisi jioni, lakini Tatu alikuwa amehamia kwa binti yake ng'ambo ya bonde, akiogopa kwamba nimewatuma askari, na kwa mumewe hawakuthubutu kumwambia mtu alipokwenda. Chupa ikarudi na Sista Jenoveva.

Wakati tunazungumza muuguzi wa wodi alifika na jalada jipya na kalamu. Alisema mgonjwa aliletwa na fomu isiyo na namba na leo ni lazima aandikishwe. Akauliza, "Mama, jina lako kamili?"

Tatu hakujibu. Muuguzi akadhani hajasikia, akarudia kwa sauti.

Tatu akanielekezea kidevu. Akasema, "Muulize huyo karani. Ndiye anayejua mimi ni nani."

Hakuyasema kwa ukali. Nadhani aliogopa kukosea, kwamba akitaja jina lisilotakiwa ataondolewa pale kitandani. Muuguzi akanigeukia. Nilisema: Tatu Guga, miaka hamsini na sita, Kwemtindi. Yuko hai. Muuguzi alicheka kidogo, akasema hilo la mwisho halina mahali pa kuandikwa. Akaandika yale mengine. Tatu alijiinua kwa kiwiko, na ingawa aliniambia hajui kusoma, aliufuata mkono wa muuguzi kwa macho herufi kwa herufi mpaka ulipofika mwisho wa mstari. Kisha akaomba lisomwe kwa sauti. Likasomwa. Akaomba tena.

Nimeulizwa na Koplo Beatha kama Jenoveva Kaniki alifaidika kwa chochote kutokana na chupa hizo. Sina ninalolijua la namna hiyo. Chupa zote thelathini na mbili zilikwenda kwa mgonjwa aliyestahili kuzipata. Uzito ulioandikwa ni wa Tatu Guga, na mtu yeyote anaweza kuulinganisha na wa faili 148. Alen namwondolea tuhuma pia, sina msingi wowote wa kumtuhumu zaidi ya dirisha lililofungwa mapema.

Nimeulizwa kama nimeahidiwa kitu au kutishwa ili nibadilishe maelezo. Kuahidiwa hapana. Alichoniambia Daktari Sefania nimeshakieleza, polisi watakipima wenyewe. Nimeulizwa pia kama naelewa kwamba maelezo haya yanaweza kunigusa mimi. Naelewa.

Niliyoyaona, niliyoyasema na niliyoyafanya ni hayo, sina la kuongeza wala la kupunguza. Haya ndiyo maelezo yangu, nayatia sahihi bila kulazimishwa.

(Sahihi) Y. Z. Shemhilu

MAELEZO YA MWANDISHI

Nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akakubali kuwa ni sahihi. Yamekamilika saa 6:05 mchana. Nimepokea kutoka kwake faili mbili, namba 147 na 148 za mwaka 2019, rejesta moja ya kliniki, na nakala ya barua ya tarehe 20 Novemba 2023. Vimeorodheshwa kama vielelezo.

Mtuhumiwa Jenoveva Kaniki, aliye nje kwa dhamana, aliripoti kituoni saa 6:20 kama alivyotakiwa, shahidi akiwa bado yuko kaunta. Shahidi alisimama. Mtuhumiwa alimuuliza swali moja tu, kama mgonjwa amekula. Shahidi alisema amekula uji. Walikaa benchi moja kusubiri mkuu wa upelelezi.

(Sahihi) WP Koplo Beatha
20/03/2025